Vizuka wa Kurasa Arobaini: Namna ya Kusoma Manga Fupi za Kijapani

Kila mtu hapa chuoni anamjua Naruto. Hata asiyemfuatilia amewahi kuona sura yake kwenye begi la mtu, kwenye kava la simu, au ukutani kwa kinyozi. Ukiwauliza mashabiki kijana huyu alizaliwa lini, wengi watakutajia 1999, mwaka ambao Masashi Kishimoto alianza kumchora katika jarida la Shonen Jump. Kumbe alitangulia miaka miwili. Mwaka 1997, katika toleo la pembeni liitwalo Akamaru Jump, Kishimoto alitoa hadithi moja fupi, inayoanza na kwisha palepale. Humo Naruto si kijana aliyefungiwa mbweha tumboni. Ni mtoto wa mbweha mwenyewe, yaani kizuka anayejifanya mtu.

Mbweha huyo wa mikia tisa naye hakubuniwa na Kishimoto. Wajapani wanasimulia tangu zamani habari za Tamamo-no-Mae, mrembo wa kasri la mfalme aliyegundulika kuwa mbweha, akawindwa, na roho yake ikaingia kwenye jiwe huko Nasu, mkoa wa Tochigi. Jiwe lipo na watalii wanalitembelea. Machi 2022 lilikutwa limepasuka vipande viwili, na mitandao duniani ikachemka kwa utani kwamba mama ametoka.

Nimeanza na Naruto makusudi. Tumezoea kudhani manga ni lazima iwe ndefu, kitu cha kukufilisi bando semista nzima. Mimi naamini kwamba vizuka wa Kijapani wanaishi vizuri zaidi katika zile hadithi za mara moja, kurasa 30, 40 au 50, unazomaliza kabla chai haijapoa. Hizo ndizo nataka tuzisome leo, na tuzisome kama tunavyosoma riwaya teule darasani: kwa kuangalia zimejengwaje.

Wajapani huziita yomikiri. Neno limeunganishwa kutokana na kusoma na kumaliza, kwa hiyo maana yake ni karibu na "soma ukamalize". Zina kazi yake katika biashara ya majarida. Mchoraji mchanga hapewi mfululizo hivihivi. Anapewa nafasi ya hadithi moja, wasomaji wanatuma maoni, na mhariri anapima upepo. Ikipendwa, inaweza kukua. Gege Akutami, kabla ya Jujutsu Kaisen ya kila wiki, alitoa mwaka 2017 hadithi ya sura nne tu kuhusu shule ya wapambanaji wa laana. Yuki Midorikawa naye alimwanzisha Natsume, kijana yatima anayeona vizuka, kwa hadithi ya kujitegemea. Natsume amerithi kwa bibi yake daftari lenye majina ya vizuka, na kazi yake ni kuwarudishia majina yao mmoja mmoja. Mfululizo umeendelea kwa miaka mingi, lakini sura zake nyingi bado unaweza kuzisoma peke yake: anakuja kizuka, tunajua shida yake, anarudishiwa jina, anaondoka.

Sasa tufike kwenye jambo linaloleta ugomvi kila nikilizungumza hosteli. Hao viumbe tuwaite nani kwa Kiswahili?

Mimi hapa nimesema kizuka, na nimesema hivyo kwa kukosa jingine. (Pwani, kizuka ni pia mjane aliyekaa eda, nalo ni neno linalostahili makala yake.) Wapo wanaosema jini. Wapo wanaosema pepo, zimwi, mzimu, na wapo wanaofunga mjadala kwa kusema shetani na kukuombea. Lakini kila neno kati ya haya limeshaajiriwa kwingine. Jini ana nafasi yake katika Uislamu: ameumbwa kwa moto, ana akili, yupo aliyeamini na asiyeamini. Pepo wa kwetu hupanda kichwani na hutaka ngoma. Zimwi wa hadithi za bibi anakula watu, basi. Mzimu unahusiana na wafu na mahali pao. Ukimtafsiri kizuka wa Kijapani kwa neno moja kati ya hayo, unakuwa umeshampa kesi kabla hajafika mahakamani.

Kijapani chenyewe kina maneno mengi, lakini mawili yanatosha kuanzia. Yurei ni roho ya mtu aliyekufa ambaye kuna jambo halijamwachia. Huchorwa amevaa nguo nyeupe za maziko, nywele ndefu zimeachiliwa, mikono inaning'inia mbele, na mara nyingi hana miguu. Mtindo huo wa kukosa miguu hunasibishwa na mchoraji Maruyama Okyo wa karne ya 18. Yokai ni kundi pana na la ajabu zaidi: wanyama wanaojigeuza, viumbe wa mtoni, kuta zinazotembea, hata miavuli mikuukuu yenye jicho moja inayorukaruka kwa mguu mmoja. Ipo imani ya zamani kwamba chombo kikitimiza miaka 100 kinapata roho. Kwa hiyo ndoo uliyoitupa bila shukrani inaweza kurudi.

Kunio Yanagita, mtaalamu wa mila aliyetoa mwaka 1910 kitabu cha masimulizi ya wilaya ya Tono, aliwatofautisha hivi: yokai ana mahali pake, yurei ana mtu wake. Ukipita darajani kwa yokai utakutana naye, na usipopita basi hana shida nawe. Yurei ukimdhulumu atakufuata hata ukihama mkoa. Akaongeza habari ya saa. Yurei hupendelea usiku wa manane, kwenye saa nane hivi, ambayo kwa hesabu ya zamani ilikuwa ndani ya saa ya Ng'ombe. Yokai hutokea wakati wa giza la kwanza. Kijapani cha kale kina neno tasogare kwa wakati huo, ambalo asili yake ni swali: "nani yule?" Mwanga umebaki kidogo, unaona mtu anakuja, humtambui. Sisi tuliolelewa na bibi hatuhitaji maelezo marefu hapo. Tunakumbuka kuitwa ndani magharibi ilipoingia.

Tofauti hii ya Yanagita ina wakosoaji, na ni kweli kwamba wapo vizuka wasioitii. Lakini kwa msomaji wa manga ni ufunguo mzuri sana. Ukifungua hadithi fupi, jiulize kwanza: huyu amefungwa na mahali, au amefungwa na mtu? Ukijibu hilo, nusu ya hadithi umeshaielewa.

Mchukue kappa. Ni kiumbe wa mtoni mwenye ukubwa wa mtoto, ana gamba mgongoni na kisahani cha maji utosini. Nguvu zake zote zimo katika maji hayo. Anapenda matango na anapenda mieleka, na anaweza kukuvuta ukazama. Lakini ana adabu mno. Ukimwinamia kumsalimu, naye atainama, maji yatamwagika, na utakuwa umemshinda. Ukiwa na mtoto anayechezea kando ya mto wenye mkondo mkali, kappa ni somo la usalama na ni somo la heshima kwa pamoja. Hata kwenye migahawa ya Kijapani, ule wali uliokunjwa na tango unaitwa kwa jina lake, kappamaki.

Au nurikabe. Huyu ni ukuta usioonekana. Unatembea usiku, mbele yako njia imeziba, unagusa kulia imeziba, kushoto vilevile. Yanagita aliandika habari zake kutoka pwani ya Fukuoka, pamoja na dawa: ukipiga kwa fimbo chini, ukuta unaondoka, ukipiga juu, haisaidii kitu. Hakuna aliyejua ukuta huo una sura gani, mpaka alipokuja mtu mmoja akaupa macho na miguu.

Mtu huyo ni Shigeru Mizuki, na bila yeye makala hii isingekuwa na mada. Alizaliwa mwaka 1922 akakulia Sakaiminato, mji wa bandari mkoani Tottori. Utotoni alikuwepo bibi mmoja wa jirani, mke wa mtu wa dua, ambaye watu walimwita NonNonBa. Bibi huyo ndiye aliyemwambia kwamba doa la dari lina mwenyewe, na kwamba sauti ya nyayo nyuma yako usiku nayo ina mwenyewe na jina lake. Kisha vita ikaja. Mizuki alipelekwa na jeshi hadi Rabaul, kisiwani New Britain, na huko, akiwa anaumwa malaria, bomu likamjeruhi na akapoteza mkono wa kushoto. Alisimulia baadaye kwamba katika msitu wa kisiwa hicho, usiku, akikimbia peke yake, alizibiwa njia na kitu asichokiona, akaja kumtambua nurikabe wa hadithi za bibi.

Amini au usiamini, si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba mtu aliyerudi nyumbani na mkono mmoja aliamua kutumia uliobaki kuchora viumbe wa bibi yule. Alianza na michoro ya hadithi za barabarani, ambazo msimuliaji alionyesha picha kwenye fremu ya mbao huku watoto wakinunua peremende. Akahamia vitabu vya kukodisha. Huko, mwaka 1960, akamtoa Kitaro, mtoto wa makaburini, ambaye mzizi wake ulikuwa katika zile hadithi za barabarani za miaka ya 1930. Mwaka 1965 hadithi yake fupi kuhusu mtoto anayeweza kuingia ndani ya televisheni ikampatia tuzo ya kampuni ya Kodansha, na mlango wa majarida makubwa ukafunguka. Kitabu chake kuhusu NonNonBa kilichukua tuzo kuu ya tamasha la katuni la Angoulême, Ufaransa, mwaka 2007. Alifariki 2015 akiwa na miaka 93. Leo Sakaiminato ina barabara yenye jina lake, imepangwa sanamu za shaba za yokai kuanzia stesheni ya treni.

Kabla ya Mizuki alikuwepo Toriyama Sekien, ambaye mwaka 1776 alianza kutoa vitabu vya picha za yokai, kwa kawaida kiumbe mmoja ukurasa mmoja, jina na maneno machache pembeni. Wengine aliwatoa kwenye masimulizi ya watu. Wengine, hasa vyombo vyenye roho, alijitungia mwenyewe kwa kuchezea maneno. Shikilia hapo, nitarudi.

Na zama hizohizo za Edo palikuwa na mchezo wa hadithi mia. Watu wanakusanyika usiku, wanawasha taa 100, kila mmoja anasimulia kisa cha kutisha na kuzima taa moja. Chumba kinazidi kuwa cheusi. Ikizimwa ya mwisho, inasemekana kitu kinakuja kweli, na ndiyo sababu wengine waliishia kisa cha 99 wakaenda kulala. Unaona kitu hapo? Hadithi zilikuwa lazima ziwe fupi. Kila moja iishe ili taa izimwe. Ukisoma leo kitabu kilichokusanya manga fupi sita au saba za vizuka, unakaa kwenye kikao hichohicho, isipokuwa taa unazima wewe mwenyewe.

Tuje kwenye ujenzi. Darasani tumefundishwa kwamba hadithi inataka mgogoro, mgogoro unapanda hadi kilele, kisha utatuzi. Ni sawa kwa tamthilia nyingi. Lakini manga fupi nyingi za vizuka hukaa vizuri zaidi kwenye mpango mwingine, ambao asili yake ni ushairi wa Kichina na Wajapani huuita kishotenketsu. Una hatua nne: ki ni kuanzisha, sho ni kuendeleza, ten ni kugeuza, ketsu ni kufunga. Hapo hakuna sharti la watu kupigana. Sharti ni moja: hatua ya tatu ilete kitu ambacho hukukitazamia, na hatua ya nne ikufanye uzitazame upya zile mbili za kwanza.

Mfano bora ninaoujua si manga hata kidogo. Upo katika Kwaidan, kitabu cha mwaka 1904 cha Lafcadio Hearn, mzaliwa wa Ugiriki aliyehamia Japani, akaoa huko, na akawa anasimuliwa visa na mkewe Setsu. Mfanyabiashara mzee anapita usiku kwenye mteremko wa Akasaka, Tokyo. Anamkuta mwanamke amechuchumaa kando ya handaki la maji, analia, amejifunika uso kwa mkono wa nguo. Mzee anambembeleza. Mwanamke anageuka, anajipangusa: uso hauna macho, hauna pua, hauna mdomo. Mzee anakimbia gizani mpaka anaona taa ya muuza tambi. Anatupa mwili pale, anahema, anajaribu kueleza alichoonyeshwa. Muuza tambi anamwuliza, je, ilikuwa hivi? Anajipangusa uso wake, nao unakuwa laini kama yai. Taa inazimika.

Pima mwenyewe. Ki ni mteremko na mwanamke. Sho ni uso. Wengi wangedhani uso ule ndio kilele, lakini ni maandalizi tu. Ten ni muuza tambi, kwa sababu taa yake ndiyo tuliyoikimbilia. Ketsu ni neno moja, giza. Na tazama kwamba hakuna aliyeumia. Mzee hakuliwa. Kilichovunjika ni ile dhana kwamba penye taa na mtu anayeuza chakula ni salama.

Sasa mpe mchoraji kisa hicho. Yeye ana silaha ambayo Hearn hakuwa nayo, nayo ni kugeuza ukurasa. Kitabu cha Kijapani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Unaanza ukurasa wa kulia, unaingia wa kushoto, na kisanduku cha mwisho kabla ya kugeuza ni kile cha chini kabisa kushoto. Mchoraji anayejua kazi yake ataweka pale mkono wa mwanamke ukianza kushuka kutoka usoni. Unageuza. Uso, au ukosefu wa uso, umejaa ukurasa mzima. Pumzi uliyovuta wakati wa kugeuza ndiyo sehemu ya hadithi ambayo haikuchorwa.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma kwenye simu kwa kuteremsha kidole mfululizo, mnajidhulumu. Weka programu yako ionyeshe ukurasa mmoja mmoja. Ukiwa na kompyuta, weka kurasa mbilimbili kama kitabu kilichofunguliwa. Na ukikuta toleo lililogeuzwa lisomeke kama letu, angalia mikono: ghafla kila mtu ni wa mashoto.

Silaha ya pili ni ukimya. Katika manga sauti huandikwa ndani ya picha yenyewe, na Kijapani kina neno la sauti ya kutokuwepo sauti: shiin. Linachorwa kwa herufi nyembamba juu ya chumba kitupu. Vizuka wa jukwaani wana mdundo wao, filimbi na ngoma ikitetema dorodoro, nao umeingia kwenye manga mpaka umekuwa utani. Mchoraji wa kisasa akitaka uogope kweli hapigi ngoma hiyo. Anakupa visanduku vitatu visivyo na mtu: kengele ya upepo dirishani, viatu mlangoni, jani juu ya maji. Ukivipita haraka kwa sababu havina maneno, umeruka hadithi. Mimi huviona kama vituo vya mshairi. Huwezi kusoma shairi bila kuvuta pumzi penye kituo.

Nimeahidi mfano mmoja mzima, na nitautoa pamoja na mwisho wake. Asiyetaka kujua mwisho aruke aya tatu.

Mwaka 2002, Yuki Midorikawa yuleyule wa Natsume alitoa katika jarida la LaLa DX hadithi iitwayo Hotarubi no Mori e, ambayo kwa Kiswahili tungesema Kuelekea Msitu wa Nuru ya Vimulimuli. Mwaka uliofuata ilitoka kwenye kitabu pamoja na hadithi nyingine fupi tatu, na mwaka 2011 ikawa filamu isiyofika saa nzima. Msichana wa miaka sita, Hotaru, amekwenda likizo mashambani na anapotea katika msitu wa mungu wa mlima. Anatokea kijana aliyevaa kinyago cha mbweha, jina lake Gin. Hotaru anamkimbilia kwa furaha, na kijana anamkwepa, anamsukuma kwa fimbo. Anaeleza: akiguswa na binadamu, atatoweka. Ndipo wanatoka msituni wakiwa wameshika fimbo moja, yeye ncha hii, mtoto ncha ile.

Kila kiangazi Hotaru anarudi. Yeye anakua, Gin ni kama hakui. Mtoto wa miaka sita aliyekuwa anamrukia kwa mchezo anakuwa msichana anayejizuia. Tunakuja kujua kwamba Gin si kizuka kamili na si mtu kamili: alikuwa mtoto mchanga wa binadamu aliyetupwa msituni, na mungu wa mlima akamhifadhi kwa uganga. Kwa kipimo cha Yanagita, amefungwa na mahali, na polepole anafungwa na mtu. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu sheria ya hadithi hairuhusu yote mawili. Na Midorikawa anakuwekea mtego ambao hutauona. Unasoma ukiwa na hofu ya kwamba Hotaru atajisahau amguse. Vizuka wengine nao wana hofu hiyohiyo, wanamwonya asimguse.

Halafu inakuja ten. Ni usiku wa sherehe ya vizuka, ambao wamejigeuza sura za watu. Watoto wanakimbia. Mmoja anajikwaa, na Gin anamdaka mkono ili asianguke, kitendo ambacho wewe na mimi tungekifanya bila kufikiri. Mtoto yule alikuwa binadamu, amepenya sherehe kwa udadisi. Vidole vya Gin vinaanza kuwa nuru. Naye, badala ya kulia, anamgeukia Hotaru na kumwita aje, kwani sasa anaweza kumkumbatia. Anamkumbatia. Kinabaki kinyago na nguo. Rudi nyuma uisome ile fimbo ya mwanzo sasa, uone kama ni fimbo ileile.

Nimewahi kubishana na rafiki yangu wa kozi ya sheria aliyesema hiyo ni hadithi ya mapenzi tu, kizuka ni pambo. Sikubali. Ondoa uzuka wa Gin uweke, tuseme, ugonjwa, na hadithi inakuwa ya huruma ya kawaida. Kinachouma hapa ni kwamba hakuna mwenye kosa. Mtoto hakujua, Gin alisaidia, Hotaru alijizuia miaka yote hiyo. Ingekuwa na kurasa 700 lazima angepatikana adui wa kulaumiwa, na nguvu fulani ya kumrudisha Gin. Kurasa chache zimemlinda na hayo.

Si kila hadithi fupi ya ajabu ni ya jamii hii. Junji Ito, aliyekuwa fundi wa meno kabla ya kuanza na Tomie mwaka 1987, ni bingwa wa hadithi za mara moja, na ile ya Amigara wengi mmeiona ikisambazwa: tetemeko limefunua mlima wenye matundu yenye maumbo ya watu, na kila anayekuja anaona tundu lake mwenyewe likimwita. Inatisha kupita kiasi. Lakini ndani yake hakuna kizuka wa kuzungumza naye wala wa kumwinamia. Kwa Ito ulimwengu umeharibika. Kwa Midorikawa na Mizuki ulimwengu ni mzima, ila una majirani usiowaona. Ukitaka daraja kati ya hao, soma Mushishi ya Yuki Urushibara, iliyotoka kati ya 1999 na 2008. Kila sura inajitegemea. Tabibu msafiri Ginko anafika kijijini, anakuta, kwa mfano, mtoto ambaye chochote akichoracho kwa mkono wa kushoto kinapata uhai. Anatafuta njia ya watu na viumbe hao kuishi pamoja, kisha anaondoka. Baadhi ya watu hawaponi.

Nilisema nitarudi kwa Sekien. Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba kusoma vitu hivi ni kufuga mashetani, na wengine wao ni marafiki zangu, tunasali pamoja. Siwacheki. Mtu anayelinda imani yake anastahili jibu la heshima. Jibu langu ni hili: kiumbe aliyetungwa na mchoraji kwa kuchezea maneno, akauzwa kwenye kitabu cha burudani, hayuko katika jambo moja na jini wa msahafu wala na pepo wa Injili, na sisi ndio tunaowachanganya tunapomtafsiri kwa majina yao. Ipo Japani dini yenye miungu, kami, na zipo ibada za wafu, kama Obon, siku za kiangazi ambapo roho za wazee hupokewa nyumbani, na hizo mtu ana haki ya kusimama mbali nazo. Mwavuli wenye jicho moja, jamani, ni mwavuli. Ndiyo maana katika tafsiri ningeacha neno yokai lilivyo, kama tulivyoacha karate na sushi, liingie Kiswahili kwa mguu wake.

Kwa wanaochora, na najua mpo kwa sababu meza za maktaba zimejaa ushahidi, hili hapa zoezi. Chukua nurikabe, kurasa 16, mtu mmoja anayerudi usiku. Usianze na ukuta. Amua kwanza anarudi kutoka wapi na kwa nini ana haraka, maana ukuta una maana kwa mwenye haraka tu. Amua fimbo ameipata wapi. Halafu amua ukuta uonekane ukurasa wa ngapi. Kumbuka kitabu chako kitasomwa kushoto kwenda kulia, kwa hiyo ukurasa wa kwanza kuonekana baada ya kugeuza ni wa upande wa kushoto, na huo huwa namba shufwa. Ukiuweka ukuta ukurasa wa 9, msomaji atauona kwa pembe ya jicho tangu akiwa wa 8. Mimi ningeuweka wa 10.